Pauni ya Dhahabu: Kabla Hujatoa Pesa Yako

Swali huja kwa sura nyingi. Mmoja amerithi mkufu wa bibi yake wenye pauni tatu zinazoning'inia, na anataka kujua kama ni mali au ni pambo tu. Mwingine yuko Birmingham au Muscat, amewekewa mezani sarafu ya dhahabu yenye mpanda farasi anayemchoma joka, na muuzaji anaapa kwamba ni adimu mno. Wa tatu hana kitu mkononi ila akiba kidogo ambayo amechoka kuiona ikiliwa na mfumuko wa bei. Wote wanauliza jambo moja: nianzie wapi, na nifanyeje nisidanganywe?

Makala haya yanajibu kwa sarafu moja hasa, sovereni ya Uingereza, ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliizoea kwa jina la pauni, pamoja na jamaa zake wa zamani kama gini. Nadharia za uchumi wa dhahabu zitawekwa kando. Mambo yatakayoshughulikiwa ni mizani, kioo cha kukuzia, risiti na ulimi wa muuzaji.

Sarafu moja, bei mbili

Kila sarafu ya dhahabu ya zamani ina bei mbili. Ya kwanza ni bei ya mizani: dhahabu iliyomo, ikiyeyushwa leo, ingeleta kiasi gani. Ya pili ni bei ya uhaba: nyongeza wanayokubali kulipa wakusanyaji kwa sababu sarafu ya mwaka ule, ya kiwanda kile, katika hali ile, haipatikani kirahisi.

Hasara nyingi za wageni wa shughuli hii zina chanzo kimoja. Mtu amelipa bei ya uhaba kwa sarafu isiyo na chochote zaidi ya bei ya mizani. Warithi nao hukosea kwa kugeuza: wanamuuzia sonara kwa gramu kitu ambacho mnadani kingegombaniwa.

Bei ya mizani haihitaji mtaalamu. Sovereni kamili ina uzito wa gramu 7.988 na ni ya karati 22, yaani sehemu 11 kati ya 12 ni dhahabu na inayobaki kwa kawaida ni shaba. Dhahabu tupu iliyomo ni gramu 7.32, sawa na wakia 0.2354. Kwa hiyo:

1. Tafuta bei ya dhahabu ya siku hiyo kwa wakia moja.
2. Izidishe kwa 0.2354. Kwa nusu sovereni, zidisha kwa 0.1177.
3. Toa jibu hilo katika bei unayotajiwa. Kinachobaki ndicho unacholipia historia, faida ya muuzaji na maneno yake matamu.

Tuseme, kwa mfano tu, wakia moja ni pauni 2,000 za Uingereza. Sovereni itakuwa na dhahabu ya pauni 470.80. Akikuuzia kwa 490, hiyo ni biashara ya kawaida. Akitaka 700, mwombe akuonyeshe hiyo 229 na ushei inatoka wapi. Akianza kusimulia habari za malkia badala ya kukuonyesha mwaka na alama kwenye sarafu, rudisha pochi mfukoni.

Bei ya uhaba nayo ni ya kweli, na inaweza kuruka mbali kuliko mtu anavyodhani. Mwaka 2019 mume na mke waliokuwa wakitengeneza sakafu ya jiko katika kijiji cha Ellerby, kaskazini mwa Uingereza, walikuta chini yake chombo kidogo cha udongo chenye sarafu za dhahabu 264, za tangu mwaka 1610 hadi 1727. Zilipouzwa London mwaka 2022 zilileta jumla ya pauni 754,000. Katika lundo hilo kulikuwa na gini moja ya mwaka 1720 iliyoharibika kiwandani: haikuwa na kichwa cha mfalme, pande zote mbili zilikuwa za nyuma. Kipande hicho chenye gramu nane na kitu za dhahabu kiliuzwa kwa pauni 62,400. Mizani haina habari na jambo kama hilo.

Ukoo wa sarafu hizi, kwa ufupi

Hakuna haja ya kukariri wafalme wote. Mafungu matatu yanatosha.

- Sarafu za nyundo. Hizi zilipigwa kwa mkono, moja moja, mpaka karne ya 17. Ndimo ilimo sovereni ya kwanza kabisa, iliyoagizwa na Henry VII mwaka 1489, ikiwa na uzito wa gramu 15 na zaidi. Ndimo ilimo pia peni ya dhahabu ya Henry III ya mwaka 1257, ambayo moja yake iliokotwa shambani Devon na kuuzwa Januari 2022 kwa pauni 648,000 pamoja na ada za mnada.
- Gini. Ilipigwa kwa mashine kuanzia 1663 hadi 1814. Ilianza ikihesabiwa shilingi 20, ikapanda na kushuka, kisha mwaka 1717, baada ya ripoti ya Isaac Newton aliyekuwa mkuu wa kiwanda cha sarafu, ikafungwa kwenye shilingi 21.
- Sovereni ya kisasa. Ilianza 1817 baada ya sheria ya sarafu ya 1816, ikiwa na Mtakatifu George na joka lake, kazi ya fundi Mwitaliano Benedetto Pistrucci. Uzito wake haujabadilika tangu siku hiyo.

Gini ilipata jina lake kutokana na pwani ya Guinea, Afrika Magharibi, ilikotoka sehemu ya dhahabu yake. Baadhi ya gini zina tembo mdogo chini ya kichwa cha mfalme, wakati mwingine akiwa amebeba ngome mgongoni. Hiyo ni alama ya Royal African Company, kampuni iliyofanya biashara ya dhahabu na ya watu. Tembo huyo huongeza bei. Anayemnunua, na ajue anachokishika.

Kwa anayeanza, fungu la kwanza aliache kabisa, la pili alitazame kwa mbali, la tatu ndilo lake.

Pa kuanzia

Ushauri wa kwanza huwaudhi wengi: nunua kitabu kabla ya sarafu. Kampuni ya Spink ya London hutoa katalogi ya sarafu za Uingereza kila mwaka, na kwa sovereni peke yake kuna kitabu cha Michael Marsh kinachoeleza mwaka kwa mwaka na kiwanda kwa kiwanda. Vyote viwili vina bei ndogo kuliko hasara ya kosa moja.

Kisha chukua sovereni ya kawaida kabisa, ya Edward VII (1902 hadi 1910) au ya George V (ile ya 1911 inafaa sana), kwa bei iliyo juu kidogo tu ya mizani. Kazi yake ni kukufundisha. Ishike. Sikiliza mlio wake, ona rangi yake nyekundu kwa mbali inayotokana na shaba, pitisha kidole kwenye meno ya ukingo. Ukiizoea hiyo moja, ya bandia itakushtua kabla hujajua kwa nini.

Baada ya hapo chagua njia. Mkusanyiko usio na njia huishia kuwa droo ya vitu vilivyonunuliwa kwa msukumo wa siku. Njia mbili zinawafaa wenye kipato cha kawaida:

- Njia ya sura. Sarafu moja kwa kila picha ya mtawala. Victoria peke yake ana tatu: ya ujana (1838 hadi 1887), ya jubilei (1887 hadi 1893) na ya uzee akiwa na shela (1893 hadi 1901). Ongeza Edward VII na George V, utakuwa umepita karibu miaka mia kwa sarafu tano.
- Njia ya viwanda. Sovereni hazikupigwa London peke yake. Hapa ndipo utamu ulipo, na ndipo mitego ilipo.

Herufi moja ndogo

Dhahabu ilipochimbwa kwa wingi kwenye makoloni, Waingereza waliona ni upuuzi kuisafirisha mpaka London ikapigwe chapa. Wakafungua matawi, na kila tawi likawa na herufi yake:

- S: Sydney (1855 hadi 1926, sarafu zake za mpaka 1870 zina mchoro wake wenyewe wenye jina la mji)
- M: Melbourne (1872 hadi 1931)
- P: Perth (1899 hadi 1931)
- C: Ottawa, Kanada (1908 hadi 1919)
- I: Bombay, India (1918 tu kwa enzi hiyo)
- SA: Pretoria, Afrika Kusini (1923 hadi 1932)
- Bila herufi: London

Herufi yenyewe ni ndogo kama kichwa cha sindano. Kwenye sarafu zenye Mtakatifu George za tangu 1887, itafute kwenye ardhi anayokanyaga farasi, juu kidogo ya mwaka. Kwenye zile zenye ngao badala ya George, iko chini ya ngao. Kwenye zile za Victoria kijana zenye George, geuza upande wa kichwa uitafute chini ya shingo. Wengi hutazama mahali pamoja tu, wasipoiona wanatangaza kwamba sarafu ni ya London.

Sasa sikia habari ya mwaka 1917, kwa sababu ndiyo inayowatoa watu machozi. Mwaka huo matawi ya ng'ambo yalipiga sovereni nyingi, na leo zinapatikana kwa bei ya kawaida. London nayo ilipiga zaidi ya milioni moja, lakini kulikuwa na vita, na inaaminika nyingi zilisafirishwa kulipia madeni na kuishia kwenye tanuri. Zilizosalia ni chache. Kwa hiyo sovereni ya 1917 yenye herufi ni ya kawaida, na ya 1917 isiyo na herufi ina thamani mara nyingi zaidi. Mhuni anahitaji nini hapo? Kifaa kikali cha kukwangulia herufi, au kalibu ya kutengenezea sarafu mpya kabisa. Njia zote mbili zimetumika. Ukiletewa 1917 bila herufi na mtu asiye muuzaji anayejulikana, chukulia kuwa si halali mpaka ithibitishwe kuwa halali.

Mwaka mwingine wa kuangaliwa hivyo ni 1819, ambao sovereni zake hazikufika 4,000. Na 1916 yenye herufi C, ambazo zilikuwa 6,111 tu.

Bandia iliyo ya dhahabu kweli

Watu hudhani sarafu ya bandia ni shaba iliyopakwa rangi. Laiti ingekuwa hivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mtu mmoja aitwaye José Beraha aliona kwamba sovereni inauzwa ghali kuliko dhahabu iliyomo. Akafungua karakana mjini Milan, akawa anatengeneza sovereni zenye dhahabu kamili, faida yake ikiwa ni ile tofauti tu. Alipokamatwa Uswisi mwanzoni mwa miaka ya 1950, mawakili wake walidai kwamba sovereni haitumiki tena kama fedha, kwa hiyo hakughushi fedha ya mtu. Mahakama ilikubaliana nao. Uingereza ilirudi kupiga sovereni kwa wingi mwaka 1957, na sababu mojawapo ilikuwa kuwakata miguu watu kama yeye.

Bandia za namna hiyo, nyingine zikiwa zimetoka Mashariki ya Kati, bado zinazunguka. Mizani ya sonara huzipitisha. Ndiyo maana ukaguzi una hatua, na hatua moja haitoshi:

1. Pima uzito kwa mizani ya kusoma gramu 0.01. Sarafu nzima iwe 7.98 au 7.99. Iliyotumika sana inaweza kushuka. Enzi za Victoria, ikishuka chini ya gramu 7.938 ilikataliwa kwa malipo. Iliyozidi 8.00 itilie shaka zaidi ya iliyopungua, maana sarafu hulika, hainenepi.
2. Pima upana. Milimita 22.05. Nusu sovereni ni milimita 19.3.
3. Pima kwa maji. Weka kikombe chepesi chenye maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa kando wala chini. Mizani isome karibu na 0.45. Ikisoma 0.6 au zaidi, hiyo si karati 22.
4. Tazama kwa kioo cha kukuza mara 10. Tafuta vipele vidogo, herufi zilizovimba kama zilizoiva kwa joto, meno ya ukingo yasiyolingana. Tazama herufi za fundi: B.P. za Pistrucci upande wa joka, B.M. za Mackennal kwenye shingo ya George V. Kwenye bandia mara nyingi ni ukungu mtupu.
5. Linganisha na ile sovereni yako ya kwanza. Sasa unaona kwa nini ilinunuliwa.

Sumaku pia itumike, ingawa kazi yake ni ndogo: ikivuta, mazungumzo yameisha, isipovuta, bado hujajua lolote.

Pauni ya bibi

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, katika himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki sovereni moja ilihesabiwa rupia 15. Nyingi ziliingia majumbani na hazikutoka tena, zikageuzwa vidani na mikufu. Warithi wa vidani hivyo ndio wanaouliza zaidi, na majibu wanayostahili si yote ya kufurahisha.

Sarafu iliyochomelewa kikonyo au kutobolewa tundu imepoteza sehemu kubwa ya bei ya uhaba. Kumpa sonara aondoe kikonyo na kusawazisha hakurudishi kitu. Kioo cha kukuza kitaona kovu kwenye ukingo. Iliyofungwa kwenye fremu ya kubana tu, bila kuchomelewa, ina nafuu. Itoe kwa uangalifu uone.

Jambo la pili: si kila pauni ya mkufu ni pauni. Masonara wengi walitengeneza mapambo yenye sura ya sovereni, mengine ya karati 21, mengine ya 18 na hata chini ya hapo. Hawakukusudia kudanganya, walikuwa wakitengeneza vito. Anayedanganya ni yule anayeviuza leo kama sarafu.

Usisafishe. Usitumie dawa ya meno, ndimu, magadi wala kitambaa cha kung'arishia vito. Dhahabu ya karati 22 ni laini, na kila msuguano huacha mistari midogo isiyofutika. Mtu anayekagua sarafu huiona mistari hiyo kwa kuigeuzageuza mara moja tu chini ya taa. Vumbi la miaka mia halijashusha bei ya sarafu. Dakika tano za mapenzi mabaya zimeshusha nyingi.

Na ukikuta kwenye sanduku la babu sarafu ya dhahabu ya mwaka 1916 yenye tembo mbele ya mlima na maandishi ya Kijerumani, usiichanganye na hizi. Hiyo ni rupia 15 iliyopigwa na Wajerumani mjini Tabora katikati ya vita. Si ya Mwingereza, ila wakusanyaji wanaitafuta kwa udi na uvumba, na imeghushiwa sana.

Hali ya sarafu

Sarafu mbili za mwaka mmoja na kiwanda kimoja zinaweza kupishana bei mara kadhaa kwa sababu ya uchakavu. Waingereza hutumia ngazi za maneno, kuanzia nzuri, nzuri sana, nzuri mno, hadi isiyotumika. Wamarekani hutumia namba 1 hadi 70, na kampuni zao mbili kubwa, PCGS na NGC, huikagua sarafu na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba yake.

Je, kasha ni la lazima? Kwa sovereni ya kawaida, hapana. Gharama ya ukaguzi inaweza kula nyongeza yote. Kwa sarafu ya bei kubwa, au mwaka unaoghushiwa kama 1917 ya London, ndiyo. Ila na makasha yenyewe yameanza kughushiwa, kwa hiyo namba iliyo juu yake itafutwe kwenye kumbukumbu za kampuni na picha zilinganishwe na sarafu iliyo mbele yako.

Kosa la kawaida hapa ni kununua sarafu adimu yenye hali mbaya kwa sababu ni nafuu. Siku ya kuuza utagundua kwa nini ilikuwa nafuu.

Mnadani na dukani

Muuzaji wa duka ana faida zake mbili: unaweza kurudi kumlalamikia, na jina lake ni mtaji wake. Nchini Uingereza, uliza kama ni mwanachama wa British Numismatic Trade Association. Risiti itaje mwaka, kiwanda, uzito na hali, na iseme wazi kwamba sarafu ni halisi na itarudishwa ikigundulika vinginevyo. Risiti iliyoandikwa "sarafu ya dhahabu" tu haikusaidii popote.

Mnada una msisimko, na msisimko una gharama. Bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho inayotangazwa mnadani, si bei utakayolipa: juu yake kuna ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi hufika asilimia 20 na zaidi, kisha kodi juu ya ada hiyo, kisha usafirishaji na bima. Anayeinua mkono kwa pauni 1,000 ajiandae kutoa 1,250 hivi. Andika kikomo chako kwenye karatasi, ukiwa umeshajumlisha hayo yote, kabla mnada haujaanza. Ukifika hapo, shusha mkono.

Tahadhari chache za haraka:

- Picha moja ya mbali, yenye mwanga hafifu, haitoshi. Omba picha za pande zote mbili na za ukingo.
- Bei iliyo chini ya mizani ni onyo. Hakuna mfanyabiashara anayeuza dhahabu kwa hasara kwa kukuonea huruma.
- Ukivuka mpaka na sarafu, uliza forodha ya nchi unayotoka na unayoingia kabla ya safari, na uzitangaze.
- Sarafu ya nyundo inayodaiwa kuokotwa Uingereza iwe na karatasi zake. Sheria ya hazina ya 1996 inamtaka aliyeokota sarafu mbili au zaidi za dhahabu zenye umri wa miaka 300 na zaidi, mahali pamoja, aziripoti ndani ya siku 14. Mali isiyoripotiwa ikifuatiliwa, haitazamwi nani aliinunua kwa nia njema.

"Lakini..."

*Si afadhali kununua kipande cha dhahabu tupu?* Kama shabaha yako ni gramu nyingi kwa pesa chache, ndiyo, nunua kipande ukasahau makala haya. Sovereni inamfaa anayetaka gramu pamoja na hadithi. Kwa wakazi wa Uingereza ina faida moja ya ziada: bado ni fedha halali ya pauni moja, kwa hiyo faida ya kuiuza haikatwi kodi ya ongezeko la mtaji.

*Nina pesa ya nusu sovereni tu.* Nunua, ila ujue nyongeza yake juu ya mizani huwa kubwa kwa uwiano. Kuvuta subira ukachukua moja nzima mara nyingi ni bora kuliko nusu mbili.

*Nimesikia sovereni moja iliuzwa pauni milioni moja.* Ni kweli, mwaka 2020. Ilikuwa ya Edward VIII, yenye mwaka 1937. Mfalme huyo aliacha kiti Desemba 1936 kabla sarafu zake hazijatolewa kwa umma, kwa hiyo vipo vipande vichache vya majaribio tu. Haimo kwenye mkufu wa bibi.

Kuhifadhi, na orodha

Weka kila sarafu peke yake kwenye kifuko au kasha la plastiki lisilo na PVC. Plastiki ile laini yenye harufu huacha utando wa kijani juu ya chuma. Shika sarafu kwa ukingo. Usiweke zote nyumbani, na usimwonyeshe kila mgeni. Bima ya kawaida ya nyumba mara nyingi haigusi dhahabu iliyozidi kiasi fulani, kwa hiyo soma masharti kabla ya kulala usingizi.

Halafu andika orodha: mwaka, herufi ya kiwanda, uzito, bei uliyonunulia, tarehe, jina la muuzaji. Piga picha. Nakala moja mpe mtu wa nyumbani unayemwamini, pamoja na maelezo ya mahali zilipo. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu kila mtu anadhani yeye atakuwepo.

Mwaka 2016, mjini Bishop's Castle, Shropshire, fundi aliitwa kurekebisha piano ya zamani ambayo shule ilikuwa imepewa zawadi. Vibao vilikuwa vizito kuliko kawaida. Alipovitoa akakuta chini yake vifurushi vya kitambaa: sovereni 633 na nusu sovereni 280, zaidi ya kilo sita za dhahabu, za miaka 1847 hadi 1915. Mume na mke walioitoa piano hiyo walikuwa nayo tangu 1983, wamehama nayo, watoto wao wameipiga, hawakujua. Uchunguzi ulifanywa na tangazo likatolewa kwa yeyote mwenye madai ajitokeze. Mahakama iliamua mwaka 2017 kwamba ni hazina isiyo na mwenyewe, na jina la aliyezificha halijapatikana hadi leo.